Bomba Limepasuka

Juni iliyopita nilimvisha mtoto wa miaka minane kibao shingoni kwa sababu alisema alichokiona.

Nilikuwa natafuta ada ya shahada ya uzamili, na shule moja binafsi ya Dar es Salaam ilikuwa inatafuta walimu wa kambi ya likizo. Tangazo lao liliiita “Summer Camp”. Kazi yangu ilikuwa kufundisha msamiati wa Kiingereza kupitia michezo ya watoto, wiki nne, kutoka asubuhi hadi saa saba mchana. Nikakabidhiwa boksi la kadi za picha. Mtoto anarusha frisbee. Mtoto anazungusha hula hoop kiunoni. Watoto wenye nguo za kuogelea wanakimbia katikati ya maji yanayoruka kutoka kwenye kifaa kilichochomekwa kwenye nyasi. Chini ya picha hiyo paliandikwa “sprinkler”.

Niliinyanyua, nikauliza kwa Kiingereza ni nini. Kimya. Kisha mtoto mmoja wa nyuma, ambaye tangu kambi ianze hakuwa amefungua mdomo, akanyoosha kidole.

“Ticha, bomba limepasuka.”

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikakumbuka sheria ya kambi. Nikachukua kibao cha kumtangaza aliyezungumza Kiswahili, nikamvisha. Wiki ile hakunyoosha kidole tena.

Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza adhabu ya namna hii katika Decolonising the Mind, kitabu cha mwaka 1986, akikumbuka shule za Kenya ya wakoloni. Nilikisoma nikiwa chuo, nikakipigia mistari karibu kila ukurasa. Mistari ile haikuuzuia mkono wangu.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi Kiingereza kitupwe. Watoto wengi wa nchi hii wanasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wanaingia kidato cha kwanza na kukuta baiolojia na hesabu vimegeuka Kiingereza. Wanakihitaji, tena mapema. Wala sipingi kujifunza lugha kwa kucheza. Sijui njia bora kuliko hiyo. Ninachopinga ni tabia yetu ya kuagiza maneno pamoja na michezo yake, tukaifungia nje ya geti michezo ambayo watoto wanaijua tayari, halafu tukashangaa kwa nini darasa limenyamaza.

Hata majira tumeyaagiza. Kadi zilisema “summer” ni Juni, Julai na Agosti. Hapa kwetu hicho ni kipupwe. Miezi hiyohiyo, mtoto wa Njombe au Makete anakwenda shule na sweta, akipuliza viganja vyake. Joto letu kali liko Desemba na kuendelea, kabla ya masika. Mtoto anayekariri orodha ile anafundishwa neno moja la Kiingereza na somo moja baya zaidi: kwamba ngozi yake ikisema baridi na kadi ikisema joto, aiamini kadi.

Wakati wa mapumziko watoto hawakugusa frisbee. Walicheza rede. Kwa aliyesahau: wawili wanasimama pande mbili na mpira wa soksi, mmoja yuko kati, anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Ukiguswa na mpira, umetoka. Na yule mtoto wangu bubu wa darasani ndiye alikuwa mfalme wa kati. Alipinda, aliruka, alilala chini, aliamua ugomvi, alitunga sheria mpya palepale.

Wiki ya pili niliomba kuingia. Nikasimama pembeni, nikaanza kupiga kelele kwa Kiingereza: “Jump!” “Duck!” “Behind you!” “Fill it!” Hakuna aliyeniuliza maana. Mpira unakuja kifuani. Ama unalielewa neno, ama unatoka. Siku ya tatu yule mtoto, mchanga umemwingia machoni, aliinua mkono akawapigia kelele warushaji: “Wait! I am not ready!”

Sikuwa nimemfundisha sentensi hiyo. Aliiokota mahali fulani, akaitunza, na siku alipoihitaji ikatoka. Sheria ya rede yenyewe, kwamba ukiguswa na mpira umetoka, ni ile sentensi ya “if” inayowatoa jasho wanafunzi wa sekondari. Kombolela ina nyuma ya, chini ya, katikati ya. Mtoto anayejificha anayafanya maneno hayo kwa mwili wake. Mdako una kurusha, kudaka na kuhesabu. Tuna silabasi nzima uani, na hatuilipii chochote.

Mratibu aliniita ofisini. “Madam, wazazi hawalipi ili watoto wao waje kucheza rede. Rede wanacheza bure mtaani.”

Sikumjibu, maana nilikuwa nasubiri malipo yangu. Namjibu leo. Mzazi analipa ili mtoto wake azungumze Kiingereza, na katika kambi ile nzima, Kiingereza ambacho mtoto alikisema kwa hiari yake nilikisikia kwenye mchanga.

Kuna wanaosema mtoto atakutana na “sprinkler” kwenye kitabu cha hadithi, hivyo bora alijue sasa. Sawa, na alijue. Lakini mtoto aliyekwisha kuomba, kukataa, kubisha na kusifia kwa Kiingereza atalimeza neno hilo siku moja akisoma. Yule mwenye majina mia ya vitu asivyowahi kuvigusa hana cha kuyafanyia.

Na kama mnataka ushahidi kwamba mchezo ndio unaobeba neno, tazameni Jenga. Leslie Scott, aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika Mashariki na Magharibi, aliupeleka mchezo ule wa vipande vya mbao kwenye maonyesho ya vichezeo London mwaka 1983. Wenzake wangeweza kuupa jina la Kiingereza. Ulibaki na kitenzi chetu, na leo kinatamkwa na watoto ambao hawatafika Dar es Salaam, kwa sababu wamekishika mikononi.

Siku ya kufunga kambi tulifanya onyesho. Watoto walipanga mstari, kila mmoja na kadi yake. Yule mtoto alipewa “sprinkler”, akalitamka vizuri, watu wakapiga makofi. Mama yake alikuwa anarekodi kwa simu. Baadaye alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie:

“Samahani mwalimu, kile kilikuwa nini?”

Nikamweleza.

“Aa,” akasema. “Mimi nilijua bomba limepasuka.”

Juni inakuja tena, na matangazo yameanza kubandikwa. Kama umepewa kazi hiyo, liache boksi ofisini. Toka nje na chupa tupu na mpira wa soksi. Kibao, ukikikuta, kitupe.