MTO USIO NA MAJI NI MTO PIA

Nimeishika kalamu kulijibu swali ambalo mwanafunzi wa huku akienda michezo au drama kule Garissa mjini lazima aulizwe: "Nyinyi mnatoka wapi?" Ukisema Modogashe, mwenzako anadakia, "Aa, pale ng'ambo ya daraja!" La hasha! Hiyo ni Madogo. Madogo iko kando ya Mto Tana, upande wa pili wa Garissa, katika Kaunti ya Tana River. Modogashe iko mbali sana na hapo, zaidi ya kilomita 100 kuelekea kaskazini, huku Lagdera, pale barabara ya kutoka Garissa inapokutana na ile ya Isiolo kwenda Wajir. Ukimaliza kueleza hivyo unapigwa swali la pili: "Kumbe! Kwa hivyo nyinyi hamna mto?"

Hapo wengi wetu huinamisha kichwa na kusema hatuna. Mimi naona jibu hilo si la kweli, na tena linatudhuru. Mto tunao. Sehemu kubwa ya mwaka hauna maji, basi, lakini hilo ni jambo lingine kabisa.

Anzeni na jina la eneo letu la bunge. Lagdera si neno lililookotwa njiani. Laga ni mkondo wa maji ya msimu, neno ambalo kila mtu wa kaskazini analijua hata kama kamusi zingine hazina habari nalo. Dheer kwa Kisomali ni ndefu. Laga ndefu! Wazee waliolipa jina hawakuwa wajinga. Walikuwa wakizungumza juu ya mto ambao kichwa chake kiko kwenye theluji ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ukateremka Laikipia, ukapita Archer's Post katikati ya mbuga za Samburu na Buffalo Springs, kisha Merti na Sericho, ukaingia kwenye kinamasi cha Lorian. Mwaka wa mvua nyingi maji hayasimami Lorian, yanapita Habaswein, yanaifuata Laga Dera mpaka nchi ya Somalia kuutafuta Mto Juba. Huo ndio Ewaso Nyiro wa kaskazini. (Msiuchanganye na ule wa kusini unaoingia Ziwa Natron, mtihani unapenda mtego huo.)

Mimi hupenda kufikiria jinsi mto huu mmoja unavyobadilisha lugha njiani. Kule juu jina ni la Kimaa, nalo lina maana ya maji ya rangi ya udongo. Ukifika kwa Waborana unaitwa Waso tu, kama mtu wa nyumbani anayeitwa kwa jina fupi. Ukifika kwetu ni laga. Na majina ya miji yanasema ukweli bila kuficha: Habaswein ni vumbi kubwa, El Wak ni visima vya Mungu. Jina moja linalia kiu, jingine linashukuru. Ningekuwa na uwezo ningeomba Chama chetu kitenge ubao mmoja wa majina kama hayo pale ofisini, kwa sababu tunajua maana ya Nairobi na Mombasa kuliko ya mahali tunapolala.

Basi, mtu atauliza, mto usiokuwa na maji una faida gani? Rafiki yangu mmoja darasani alinicheka akasema kwamba hata ndoo iliyotoboka bado inaitwa ndoo. Nilimjibu kwamba ndoo iliyotoboka haimnyweshi ngamia, lakini laga kavu inamnywesha. Ukichimba kwenye mchanga wake unapata maji. Miti mikubwa ya kivuli iko kando yake. Na chini zaidi kuna hifadhi kubwa ya maji inayoitwa Merti, inayotambaa chini ya ardhi kutoka upande wa Isiolo, ikapita Habaswein na Dadaab hadi Somalia. Kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanza mwaka wa 1991, zimekuwa zikinywa humo. Maji hayo ni matamu katikati na ya chumvi pembeni, na wataalamu huonya kwamba yakivutwa kupita kiasi ile chumvi itasogea ndani. Ndiyo maana watu wa Habaswein walipinga mpango wa kuyavuta maji yao kwa bomba hadi Wajir mjini. Wajir wana kiu kweli, wala sisemi ni wabaya. Lakini kumwambia mtu akupe maji yake kabla hujamwonyesha kwamba yatatosha, hiyo si haki.

Sasa twende kule juu, maana hapo ndipo roho yangu inapouma. Laikipia na miguu ya Mlima Kenya kumejaa mashamba ya maua na mboga za kuuzwa Ulaya, na kila shamba lina mpira wake mtoni. Wakati wa kiangazi mto unakatika kabla haujafika chini, na sehemu inayokauka imekuwa ikiongezeka. Sheria ya Maji ya mwaka wa 2002 ilileta vyama vya watumiaji maji, ili watu wa mto mmoja wakae pamoja na kupeana zamu. Ni jambo zuri sana, nalo limepunguza ugomvi huko juu. Lakini niambieni, watu wa mwisho wa mto wanakaa kiti gani katika mkutano wa watu wa mwanzo? Serikali nayo ikaja na mpango wa bwawa kubwa la Crocodile Jaws kwa ajili ya mji wa Isiolo na ule mradi wa LAPSSET. Wafugaji wa chini wakakataa, na tangu 2013 wamekuwa wakitembea kando ya mto na ngamia zao ili wasikike. Hawakurusha mawe wala kuchoma magurudumu. Walitembea tu na ngamia. Mimi naona hayo ni maandamano ya heshima kuliko mengi tunayoyasikia redioni.

Huyo mwenye shamba la maua hajui kwamba Lagdera ipo. Akiuliza, "Kule chini kuna nani?" na sisi wenyewe tunasema hatuna mto, basi nani atamlaumu? Huwezi kudai fungu la kitu ulichokana. Hii ndiyo sababu nasema jibu letu kule Garissa si utani wa watoto.

Kuna na historia. Mwaka wa 1893 Mmarekani mmoja, William Astor Chanler, alikuja na wapagazi wake akiufuata mto huu. Alikuwa amesikia Lorian ni ziwa kubwa. Alipofika akakuta ni kinamasi tu, akavunjika moyo akageuka. Nadhani kasoro ilikuwa kwenye macho yake, si kwa Lorian. Kwa mfugaji, kinamasi chenye majani wakati wa jilaal ni bora kuliko ziwa la kupigwa picha. Baadaye Waingereza wakaja, wakaifunga sehemu yote ya kaskazini, mtu hakuingia wala kutoka bila kibali, na wakachora mstari wa kutenganisha malisho ya Wasomali na ya Waborana. Mvua haikuuona mstari huo. Ilinyesha ilipopenda, na mifugo ikaifuata, na watu wakashikwa kwa kosa la mawingu. Halafu vikaja vita vya shifta, 1963 mpaka 1967, ambapo watu walikusanywa kwenye vijiji vya ulinzi na mifugo mingi mno ikapotea. Hata baada ya vita sheria za hatari hazikuondoka huku mpaka mwaka wa 1991. Wazazi wetu wengi wamezaliwa ndani ya sheria hizo.

Kwa hivyo mji wetu uko kwenye mshono. Upande huu Garissa, upande ule Isiolo, na ubishi wa mpaka kati ya kaunti hizi mbili haujaisha. Sokoni utasikia Kisomali na Kiborana, na wawili wasipoelewana wanaingia kwenye Kiswahili, hata kama ni kile cha "mimi taka wewe leta". Walimu wa lugha watanisamehe, lakini hicho Kiswahili kibovu kimezuia vita zaidi ya mara moja, nina hakika.

Tena ni hapa Modogashe, mwaka wa 2001, ambapo viongozi na wazee wa wilaya za kaskazini walikutana wakakubaliana juu ya malisho, maji, wizi wa mifugo na bunduki. Likaitwa Azimio la Modogashe. Jambo kubwa ndani yake ni rahisi kulieleza: ukitaka kuhamia malisho ya wenzako, watume wazee kwanza waombe. Mifugo ikiibwa, irudishwe au ilipwe. Si eti mambo haya yalibuniwa siku hiyo. Wasomali walikuwa na heri yao tangu zamani, ambayo humtoza aliyeua mwanamume ngamia 100. Waborana nao kisima chao kina aba konfi, yule wa ukoo uliochimba, na aba herega, yule anayepanga zamu ya kunywesha, na hakuna mwenye bunduki anayeruka foleni ya aba herega. Azimio lilizikusanya tu busara hizi zikawekwa sahihi. Kuna wanaosema limeshindwa kwa sababu watu wameuana baada yake. Je, sheria za Kenya hazivunjwi kila siku? Mbona hatuzichomi?

Linalonishangaza ni kwamba ukienda darasa lolote leo ukiuliza Azimio la Arusha la 1967, mikono inainuka. Uliza Azimio la Modogashe, kimya. Tumo ndani ya mji wenyewe jamani!

Mto huu pia una hasira zake, nisije nikaonekana nausifu tu. El Niño ya 1997 na 1998 ilifurika kaskazini mashariki yote, na maji yalipotulia wakaja mbu na homa ya Bonde la Ufa. Kondoo na mbuzi walitupa mimba, watu wakafa. Ikarudi tena 2006 na 2007, na mara zote mbili Garissa iliumia sana. Kisha tukaona ukame uliochukua misimu mitano mfululizo kuanzia 2020, na mara tu ulipoisha, deyr ya 2023 ikaja na mafuriko. Sasa mtu akiona laga imekaa miaka mitatu kavu, anasema ni uwanja, anajenga kibanda katikati. Nani amemdanganya? Ni sisi, na lile jibu letu la "hatuna mto".

Ombi langu kwa Chama ni moja. Likizo ya Desemba kila mwanachama amtafute mzee mmoja, Msomali au Mborana, amwamkie vizuri, amnunulie chai, amuulize maji ya 1997 yalifika wapi hasa: mti gani, nyumba ya nani, ukuta upi. Tuandike majibu. Tuchore ramani kubwa ya laga na alama hizo, tuibandike ukuta wa darasa la jiografia, na nakala moja tumpelekee chifu. Karatasi na kalamu za rangi nimeshaongea na wenzangu wawili, tutachanga. Mzee wa kwanza nimeshampata, ameniambia nije baada ya swala ya alasiri na nisichelewe.