Geti la Nyakato Halina Ulezi

Hoja inayojirudia magazetini ni kwamba msichana wa kazi anayefungiwa ndani hajatekwa: anakula, analala pazuri, na geti linafungwa kwa usalama wake. Anayefunga basi ni mlezi.

Mlezi gani huyo?

Mabasi ya Mara hupita Nyakato, jijini Mwanza, kwa barabara ya Musoma, na miongoni mwa abiria wamo mabinti wanaofuata kazi waliyoahidiwa na dalali. Kamba haihitajiki. Simu inachukuliwa "isimharibu", mshahara "unatunziwa", nauli ya kumleta inageuka deni. Mwenye nyumba akienda dukani, kufuli linabaki nje. Nyumba ikiungua, huo usalama utamsaidia nani?

Watetezi husema alikuja kwa hiari. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 imeshalijibu hilo: ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu au vitisho haihesabiki. Ibara ya 25 ya Katiba nayo inakataza kazi ya shuruti, na Sheria ya Ajira ya 2004 hairuhusu kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14.

Ni kweli, waajiri wema wapo wengi. Lakini kama shida ingekuwa ya kubuni, shirika la WoteSawa la hapo hapo Mwanza lisingehitaji nyumba ya kuwahifadhi watoto waliookolewa kwenye kazi hizo.

Anayemnyima mtu ufunguo, simu na mshahara ni mtekaji. Jirani anayejua, aende ofisi ya serikali ya mtaa leo.