Michezo ya kaske: kutapika si uzaifu

Niko na neno la kusema juu ya michezo ya kaske. Najua wengine watanicheka tena, kama walivyonicheka mwezi uliopita.

Yaya mmoja alirudi toka ngambo na kaske ile inayofunika macho yote mbili. Ndani yake unaona dunia ingine kabisa, na ukigeuza kichwa unaona pembeni na nyuma yako, sawa vile uko pale kweli. Wanaiita uhalisia pepe. Tulipanga mstari. Mimi nilipewa mchezo wa kukimbia ndani ya nyumba kubwa yenye giza: miguu imesimama, unasukuma kifungo kwa kidole tu. Dakika tano hazikuisha, jasho likanitoka, mate ikajaa kinywani, nikatoka mbio inje na kutapika maharagi yote ya muchana. Wenzangu wakasema: «Huyu ni mtoto wa mama.» Mmoja akaongeza kwamba mchezo usiotingisha mtu hauna maana, afazali karata.

Neno lile ndilo nataka kujibu.

Ndani ya sikio kuna kiungo kidogo kinachopima kama mtu anaenda, anageuka ao amesimama. Ukivaa kaske, macho inasema: tunakimbia. Sikio inajibu: hapana, tumesimama. Bongo inapokea habari mbili zisizopatana, na tumbo ndilo linalolipa. Kila mtu aliyepita makona ya Ngomo, njia ya Bukavu na Uvira, anajua jambo linalofanana na hilo. Wenye kukaa nyuma ya kamyo, chini ya bashi, wanatapika. Shofere hapana, sababu yeye anaona kona mbele ya kuikata. Je, tunasema watu wa nyuma ni wazaifu?

Watengenezaji wanajua mambo hii vizuri. Kaske za 2016, Oculus Rift na HTC Vive, zinaonyesha picha 90 kwa segonde, wakati sinema inatosheka na 24. Kwani picha ikichelewa kufuata kichwa hata kidogo, kizunguzungu kinaanza. Michezo ingine inafunga picha pembeni wakati unakimbia, kama vile unachungulia ndani ya bomba. Ingine inakugeuza kwa vipande-vipande. Tena kuna kuruka: unaonyesha mahali kwa mkono, na mara moja uko pale, macho haikuona safari.

Hapa wenzangu wanapiga makelele: «Hiyo inaharibu mchezo!» Nami nakubali nusu. Nyama mkali akikufuata, na wewe unaruka tu kama panzi, woga unaisha. Na ukifungiwa picha pembeni, unaibiwa uzuri wa mahali. Sitadanganya.

Lakini yule aliyeinama juu ya ndoo, yeye yuko wapi? Hayuko tena ndani ya nyumba ya giza. Yuko inje, anahesabu maharagi yake.

Kuna mchezo unaitwa Beat Saber, ulitoka katika 2018. Unasimama pahali pamoja, vipande vya pembe vinakuja kwako kwa mwendo wa muziki, nawe unavikata kwa panga mbili za mwangaza. Kile macho inaona, ndicho mikono inafanya. Niliucheza karibu nusu saa bila kusikia kitu kibaya, mpaka nikasahau kwamba niko ndani ya chumba cha yaya na kugonga ukuta. Kidole kinaniuma mpaka leo. Nani atasema sikuzama? Na Half-Life: Alyx, ya mwezi wa Machi 2020, inamwachia mchezaji achague mwenyewe: kuruka ao kutembea moja kwa moja. Kila mtu na tumbo lake.

Kwa hiyo mimi naona inafaa mchezo uanze kwa upole, kisha mwenye nguvu afungue mwenyewe. Siyo kinyume chake. Nilikuja kujua nyuma kwamba hata ule mchezo ulionitapisha ulikuwa na namna ya kupunguza mwendo, lakini waliificha chini kabisa, na hakuna aliyeniambia. Ndiyo ilinikasirisha kuliko macheko.

Tena tuache kusukuma mtu: «Endelea, utazoea!» Mwili unaweza kuzoea, ndiyo, lakini kwa dakika chache leo na chache kesho. Jasho la kwanza likitoka, toa kaske. Ukilazimisha, unaweza kushinda na kizunguzungu mpaka jioni, na ku étude hutasoma kitu.

Siku ya posho kaske itarudi. Nitaanza kwa kukaa kwenye kiti, mchezo umepunguzwa. Mwenye kunicheka aandike jibu lake katika buletini ijayo, lakini kwanza apande nyuma ya kamyo mpaka Uvira.

Mwanafunzi wa mwaka wa 5