Benki, Soko la Hisa na Maendeleo ya Nchi Changa

Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema kibaba kikishajaa kipelekwe wapi. Swali hilo ndilo kiini cha mjadala wa wanauchumi juu ya mabenki na masoko ya hisa katika nchi zinazoendelea. Mkulima wa korosho wa Newala afichaye fedha chini ya godoro ameweka akiba, lakini akiba hiyo haimfai kitu seremala wa Masasi anayehitaji mashine ya kupasulia mbao. Kazi ya benki ni kuikusanya akiba ya huyo wa kwanza, kumpima huyo wa pili kama anaaminika, na kuibeba hatari iliyopo baina yao. Soko la hisa hutimiza haja hiyo kwa njia nyingine: kampuni huwauzia watu wengi sehemu ya umiliki wake, na mwenye hisa akihitaji fedha zake humwuzia mwingine, pasipo kiwanda kuvunjwa.

Je, vyombo hivi huleta ukuaji wa uchumi, au huufuata tu? Joseph Schumpeter, katika kitabu chake cha mwaka 1911, alimwona mwenye benki kuwa ndiye ampaye mbunifu uwezo wa kuanzisha jambo jipya. Joan Robinson wa Cambridge alishikilia mwaka 1952 kwamba shughuli za uzalishaji hutangulia, na fedha hufuata nyuma. Mwaka 1998 Ross Levine na Sara Zervos walitoa uchunguzi wa nchi 47, wa kipindi cha kuanzia 1976 hadi 1993. Nchi ambazo mwanzoni mabenki yake yaliikopesha sana sekta binafsi, na hisa zake ziliuzwa na kununuliwa kwa wingi, zilikua upesi zaidi katika miaka iliyofuata. Ukubwa wa soko peke yake haukuonyesha uhusiano wa kutegemewa.

Hata hivyo, kutangulia si kusababisha. Jogoo huwika kabla ya mapambazuko, lakini si yeye aliletaye jua. Kwa hiyo ushahidi huo haumalizi ubishi, ila unaonyesha mahali pa kutazama: si ukubwa wa soko, bali mzunguko wake. Ikiwa hisa zote za soko zina thamani ya shilingi bilioni 100, na zilizouzwa mwaka mzima ni za bilioni 2, basi mzunguko ni asilimia 2. Soko la namna hiyo laweza kuwa na jengo zuri na kengele ya kufungulia biashara, lakini atakaye kuuza huenda akangoja miezi. Na ajuaye kwamba atangoja hatanunua.

Umri wa soko nao hautoshi. Soko la Hisa la Nairobi liliundwa mwaka 1954. Tanzania, iliyotaifisha mabenki mwaka 1967 na kuyaruhusu tena mabenki binafsi kwa sheria ya 1991, ilianza biashara ya hisa Dar es Salaam mwezi Aprili 1998, kwa hisa za kampuni moja. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, iliwafikia wengi ambao tawi la benki halikuwafikia kamwe. Lakini kutumiwa fedha si kukopeshwa mtaji.

Amri ya sheria nayo ina mipaka yake. Mwaka 2016 Kenya iliweka kikomo cha riba, kisichozidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Nia ilikuwa njema. Lakini mabenki yalipendelea kuikopesha Serikali, na wafanyabiashara wadogo wakakosa. Kikomo hicho kiliondolewa mwaka 2019. Wala wingi wa mikopo si baraka daima: Thailand, iliyokopa mno kwa muda mfupi fedha za kigeni, ililazimika kuiachia baht ishuke tarehe 2 Julai 1997, na msukosuko ukaenea Asia.

Hivyo basi, nchi changa haina budi kuanza na benki iliyo karibu na mzalishaji. Seremala wa Masasi hakwamishwi na riba peke yake, bali pia na kukosa hati ya kiwanja chake na daftari la hesabu linaloaminika. Ardhi ikipimwa, hesabu zikikaguliwa kwa ukweli, na mikataba ikilindwa na mahakama, benki itamjua mkopaji wake. Na soko la hisa, likijengwa juu ya msingi huo huo, litapata wanunuzi. Mwanafunzi asikiapo redioni kwamba bei za hisa zimepanda, na aulize mambo mawili: ni hisa ngapi zilizobadilishana mikono, na ni mashine ipi inayozunguka leo ambayo jana ilikuwa haijanunuliwa?