Dawa ya Usingizi ya Miti Shamba: Tuwaulize Panya Kwanza

Katika familia nyingi za Karagwe na Kyerwa, mtoto asipolala, au mama anapokosa usingizi kwa mawazo, dawa ya kwanza hutafutwa nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Siku hizi hupatikana hata gulioni, imetiwa katika chupa ya maji iliyokwisha kutumika, na muuzaji husema, “Hii ni ya asili, haina madhara.” Sisi hatuna ugomvi na miti shamba, tumelelewa nayo. Lakini neno hilo “haina madhara” hatuwezi kulipokea hivi hivi.

Bibi aliyempa mjukuu wake dawa jioni aliona mengi: kama ametapika, kama amelala kupita kiasi, kama asubuhi ameamka mzima. Miti yenye sumu kali ilijulikana kwa njia hiyo, ikaachwa. Lakini lipo dhara ambalo jicho la bibi haliwezi kuliona, nalo ni lile linaloharibu chembechembe za urithi, zile tulizopokea kwa wazazi na tutakazowarithisha watoto. Zikivunjika leo, saratani yaweza kutokea baada ya miaka ishirini. Nani atakuwa anaikumbuka ile chupa ya gulioni?

Hayo yamekwisha kutokea. Mimea ya jamii ya Aristolochia ilitumika kama dawa tangu kale, Ulaya na Asia, hata kwa wanawake wanaojifungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Ujerumani, panya waliopewa tindikali ya mimea hiyo walipata saratani, na dawa zake zikaondolewa sokoni nchini humo. Kwingine onyo halikufuatwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels, Ubelgiji, wanawake waliomeza vidonge vya mimea vya kupunguza unene waliharibikiwa figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Mmea mmoja wa jamii hiyo ulikuwa umetiwa katika vidonge mahali pa mwingine. Panya walikuwa wamekwisha kusema miaka kumi kabla.

Kipimo chenyewe si fumbo. Panya wadogo hunyweshwa dawa kwa viwango mbalimbali. Wengine hupewa maji tu, na wengine hupewa kemikali inayojulikana kuvunja chembechembe za urithi, ili kuhakikisha kwamba kipimo kinafanya kazi. Baada ya siku moja au mbili huuawa, na uboho wa mfupa wa paja hutazamwa kwa hadubini. Chembe nyekundu ya damu inapokomaa hutupa nje kiini chake. Kama urithi ulivunjika, kipande hubaki ndani kama nukta. Mtaalamu huhesabu nukta hizo. Ni kazi ya kuchosha macho, lakini haihitaji miaka ishirini.

Wapo waamini wanaouliza kama ni haki kuwaua wanyama hivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inaruhusu majaribio ya namna hiyo yakiwa na kiasi na yakisaidia kuponya au kuokoa watu, na inakataza kuwatesa wanyama bila sababu. Kwa maoni yetu, kumjaribia mtoto mchanga dawa ambayo hata panya hajapewa ni kosa kubwa zaidi.

Tuuchukue mchaichai, ambao wengi wetu tunao uani. Mwaka 1986 watafiti wa Brazil walitoa matokeo yao. Kipimo chao hakikuwa kile cha uboho: waliwanywesha panya chai yake kila siku kwa miezi miwili, wakawachunguza pia watoto wao, wasione madhara. Kisha waliwapa watu wa kujitolea, na chai hiyo haikuonekana kuleta usingizi wala kuondoa wasiwasi. Basi tunywe mchaichai kwa utamu wake.

Hapa kwetu Taasisi ya Tiba Asili ipo Muhimbili, nayo ilianza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya mwaka 2002. Tunachodai ni kwamba dawa ya kutuliza isiuzwe kwa wajawazito na watoto kabla ya kupimwa. Na haiwezi kupimwa ikiwa muuzaji anaficha jina la mti. Tunafahamu hofu ya waganga kwamba ujuzi wao utaibiwa, na hofu hiyo si ya bure. Lakini mama anayenunua ana haki ya kujua anachomnywesha mwanawe.

Kwa sasa, chupa isiyotajwa mti wake irudishiwe mwenyewe. Mtoto anayelia usiku kucha apelekwe zahanati apimwe damu, atazamwe na masikio. Mwenye malaria akituzwa kwa dawa ya usingizi atanyamaza, na wazazi watadhani amepata nafuu.