Mipangilio iliyolala haijafa

Kompyuta haina haki ya kufuta mipangilio ya mtu kwa sababu tu imekaa muda mrefu bila kuguswa. Nasema hivi nikiwa fundi wa Masasi, ninayehudumia shule za sekondari, maduka ya dawa na vyama vya msingi vya ushirika, ambako vifaa vingi hufanya kazi kwa msimu. Mizani ya ghala la korosho huchomekwa kwenye kompyuta Oktoba, na msimu ukiisha hurudi kwenye boksi lake. Skana ya shule hutolewa kabatini wakati wa kusajili watahiniwa wa kidato cha nne, kisha hukaa humo hadi mwaka unaofuata. Kwa mwenye mali, hivyo ni vifaa vya kila mwaka. Kwa mfumo endeshi unaohesabu siku, vimeshakufa.

Kila unapochomeka printa, skana au flashi kwenye mashine ya Windows, mfumo huandika kumbukumbu: kifaa ni cha aina gani, kinatumia draiva ipi, na mwenye mashine amekichagulia nini. Kumbukumbu hizo hukaa kwenye rejista, hazina kuu ya mipangilio ya Windows. Rejista ilianza na kazi ndogo katika Windows 3.1 mwaka 1992. Ilipokuja Windows 95 ikachukua nafasi ya mafaili mengi ya maandishi, ambayo zamani kila programu ilikuwa ikijiwekea ya kwake. Ukichomoa kifaa, kumbukumbu yake haiondoki. Ukifuta programu, mara nyingi huacha mabaki. Kompyuta ya miaka mitano hukutwa na maelezo ya flashi ambazo wenyewe walishazipoteza.

Wahandisi waliuona mrundikano huo wakatafuta dawa. Windows 8.1, iliyotoka mwaka 2013, na matoleo ya mwanzo ya Windows 10, yalikuwa na kazi inayojiendesha yenyewe mashine inapopumzika. Kazi hiyo ilikuwa ikipitia orodha ya vifaa, na kile ambacho hakikuwa kimechomekwa kwa siku 30 kilifutiwa kumbukumbu zake. Haikuuliza wala haikutoa taarifa. Kwa mtu wa ofisini anayetumia kipanya kilekile na printa ileile kila siku, hilo halikuwa na madhara. Hata kifaa cha kawaida kilichofutwa, kikirudi, hutambuliwa upya.

Kinachoumia ni kile kilichowekwa kwa mkono. Mizani nyingi za kidijitali huunganishwa na kompyuta kupitia kigeuzi cha USB, na programu ya kupokea uzito husubiri taarifa kwenye mlango wenye namba maalumu, tuseme COM3, ambayo fundi aliichagua siku ya kufunga mizani. Kumbukumbu ikifutwa, kigeuzi kikichomekwa tena kinaweza kupewa namba nyingine, na programu itaendelea kusubiri kwenye mlango usio na kitu. Mizani ni nzima, waya ni mzima, kompyuta ni nzima, lakini uzito hausomeki, na wakulima wako nje kwenye foleni na magunia yao. Hapo ndipo katibu wa chama atakapouliza, "Fundi, mbona mwaka jana ilikubali?"

Anayeandika programu ya kufuta kwa kuhesabu siku anadhani kitu kisichotumika ni kitu kisichohitajika. Mkulima hachomi jembe lake moto kwa kuwa halijagusa udongo kiangazi kizima. Siku 30 zinapima ukimya wa kifaa na hazisemi lolote kuhusu thamani yake. Namba ile ya mlango iligharimu safari ya fundi na malipo yake. Ni mali ya chama, hata kama haionekani kwa macho.

Sipingi usafi. Draiva za zamani huweza kugongana na mpya. Kompyuta zilizotumika huuzwa zikiwa bado na nywila za Wi-Fi na majina ya watumiaji wa kwanza, na huo ni uzembe unaoweka siri za watu hatarini. Mashine ikibadilisha mikono ifutwe yote, hadi mwisho. Lakini hapo ni mwenyewe aliyeamua kuuza, na ni mwenyewe anayeagiza ifutwe.

Kwamba mfumo unaweza kumwachia mwenyewe uamuzi, mfano upo. Debian, mradi wa mfumo huria ulioanza mwaka 1993, una kanuni inayostahili kuigwa. Ukiondoa programu kwa amri ya kawaida, mafaili ya mipangilio ya mfumo hubaki, na orodha huonyesha wazi kwamba programu imeondoka lakini mipangilio yake ipo. Ukitaka kufuta vyote, ipo amri nyingine unayoiandika kwa makusudi. Tena, toleo jipya la programu likija na faili jipya la mipangilio huku la zamani umelirekebisha mwenyewe, mfumo kwa kawaida husimama na kukuuliza: ubaki na lako, au uchukue jipya? Swali moja tu, na heshima ya mwenye mashine imelindwa. Windows yenyewe hufanya vizuri kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa: usafi wake wa diski unaojiendesha hauigusi mpaka mwenyewe auruhusu. Uangalifu huohuo uende kwenye mipangilio ya vifaa.

Upo upande mwingine wa jambo hili, nao unawaumiza watu zaidi. Kompyuta ikiwa nzito, mtu hushauriwa apakue programu ya kusafisha rejista. Huifungua, na mara moja huonyeshwa mamia ya "makosa" kwa rangi nyekundu na kuambiwa alipie ili yarekebishwe. Mengi ya hayo ni mabaki yasiyomdhuru mtu. Windows haisomi rejista nzima kila inapotafuta kitu. Hufuata matawi hadi kwenye kile inachokihitaji. Kufuta mabaki mia chache hakuipi mashine kasi. Zikifutwa taarifa ambazo programu bado inazitegemea, mara nyingine hakuna njia isipokuwa kupiga Windows upya. Microsoft imeandika wazi kwamba haiungi mkono programu hizo, na kuanzia Machi 2018 kinga yake ya Windows Defender ilianza kuziondoa zile zinazotisha watu ili walipe. Mwaka 2017 wadukuzi walipenyeza msimbo wa hujuma ndani ya toleo rasmi la CCleaner, mojawapo ya programu za usafi zinazojulikana sana duniani, na likaingia kwenye mashine zaidi ya milioni mbili.

Mafundi wenzangu, tuache kuwawekea wateja programu hizi ili waone tumefanya kazi. Mashine nzito ninazoletewa mara nyingi zina RAM ndogo, diski ya zamani ya kuzunguka, au virusi. Tumwambie mteja ukweli huo, hata kama dawa yake ni kununua diski ya SSD.

Watengenezaji nawadai mambo matatu. Mfumo utoe taarifa kabla ya kufuta mipangilio yoyote iliyowekwa na mtu. Uweke nakala inayorudishika kwa urahisi. Na umwezeshe mwenye mashine kuwekea kifaa alama ya kutoguswa. Kwenye nakala tumerudi nyuma: Windows ilikuwa ikitunza nakala ya rejista kwenye folda ya RegBack, lakini tangu toleo la 1803 la Windows 10, mwaka 2018, haifanyi hivyo tena bila kuelekezwa, na sababu iliyotolewa ni kuokoa nafasi ya diski. Nafasi inayookolewa ni ndogo mno ikilinganishwa na hasara ya ofisi iliyosimama. Wahenga walisema akiba haiozi, na hapa nawaunga mkono kabisa.

Wakati tukisubiri, viongozi wa vyama na wakuu wa shule wana la kufanya. Msimpokee fundi anayefunga kifaa cha msimu bila kuwaachia maandishi: namba ya mlango, jina na toleo la draiva, nakala ya draiva yenyewe kwenye flashi, na kila alichobadilisha kwa mkono. Hakikisheni anatengeneza pointi ya kurejesha mfumo baada ya kila kitu kukubali. Na kifaa kijaribiwe wiki mbili kabla ya msimu, fundi akiwepo, ghala likiwa bado tupu. Yaandikeni hayo kwenye mkataba kabla ya kusaini malipo.