Ufundi wa Ala Peke Yake Hauongozi Taarabu

Tangu Nadi Ikhwan Safaa ilipoasisiwa mjini Unguja mwaka 1905, taarabu ya Visiwa hivi imepita mikononi mwa vizazi kadhaa vya wapigaji. Hii leo vijana wetu wanasoma nota, na wengi wamejifunza udi, kanuni na fidla katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza kazi mwanzoni mwa karne hii. Hayo ni maendeleo, nasi tunayapongeza bila ya kigugumizi.

Hata hivyo, hatuna budi kusema wazi kwamba kupiga ala vizuri ni jambo moja, na kuongoza kundi la wapigaji ni jambo jingine. Kiongozi wa taarabu hasimami mbele na kijiti. Aghlabu huketi miongoni mwa wenziwe na ala yake, akaongoza kwa jicho, kwa kichwa na kwa upinde. Aliye fundi huhakikisha kuwa ala zimelingana, bashrafu imeanza kwa pamoja na mdundo haukuyumba. Asiyeimudu kazi hiyo hana haki ya kuwaongoza wengine.

Lakini usanii huanzia pale ufundi unapokoma. Msanii humsikiliza mwimbaji akivuta pumzi, na hujua kwamba beti ya majonzi haitaki haraka ya beti ya kejeli. Wasikilizaji wanapoinuka kwenda kumtunza mwimbaji, hurefusha kiitikio, kisha akairejea beti kana kwamba ndivyo ilivyopangwa. Katika makamu ya rasti, sauti ya tatu hukaa baina ya funguo mbili za kinanda cha kawaida. Kiongozi anayeridhika na kinanda hicho huipoteza, na hadhira huondoka ikihisi upungufu isioweza kuutaja.

Wapo wasemao kwamba hicho ni kipawa, hakifundishiki. Hatukubaliani nao. Nahodha huenda akazaliwa na ujasiri, lakini pepo hujifunza kwa kusafiri. Sikio la kiongozi nalo hupatikana kwa kukaa miaka kando ya mkongwe, na wakongwe wanaondoka. Bi Kidude alipofariki Aprili 2013, sote tuliililia sauti yake, na sauti hiyo imebaki katika kanda. Anapofariki kiongozi wa kundi, namna yake ya kuwafanya watu ishirini wapumue kama mmoja haibaki katika kanda yoyote.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wakuu wanaosimamia utamaduni. Viongozi wakongwe walipwe posho ya kufundisha, kila mmoja akiwa na mwanafunzi wa kukaa naye mazoezini. Katika sherehe za Serikali vikundi viachiwe wimbo kamili. Wimbo wa robo saa uliokatwa ukawa wa dakika tatu ili kupisha hotuba haumwachii kiongozi la kuongoza. Klabu nazo ziwape vijana zamu ya kuongoza hadharani, maadamu wazee wapo wa kuwasahihisha.

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini chombo ambacho hakina mwanagenzi aliyewahi kushika usukani kitalala pwani siku nahodha wake atakapozeeka.